Ekseli ya Fundi Timazi

Maiti ilikuwa chini ya gari jeupe, miguu ikitokeza nyuma, kiatu kimoja kimemtoka. Ilikuwa saa tano asubuhi, na jua lilikuwa limeingia gereji mpaka kwenye rafu za spana.

Inspekta alichuchumaa akachungulia. Gari lilikuwa limeshushwa sana. Kati ya tumbo lake na sakafu hapakuwa na nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Jeki ilikuwa palepale, imeshuka yote.

"Amekufa lini?" alimwuliza daktari wa polisi.

"Saa moja haijatimia. Kifua kimepondwa. Jeraha jingine sijaona."

Marehemu alijulikana kwa jina la Fundi Timazi, kwa kuwa hakuna gari lililotoka mikononi mwake kabla hajalitundikia timazi akapima. Gereji aliiendesha pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye wateja walimwita Chapchap. Huyo ndiye aliyewapigia polisi simu. Alikuwa amekaa juu ya tairi.

"Ulikuwa wapi?"

"Duka la vipuri, afande. Hapo kona."

"Kwa muda gani?"

"Robo saa tu. Muulize mwenye duka."

"Ulimwacha anafanya nini?"

"Ndiyo kwanza anafungua springi za zamani afunge fupi. Mteja anataka gari likae chini. Narudi, nakuta limeshamkalia."

"Kwa jeki peke yake, bila stendi za kulishikilia gari?"

"Leo alikuwa na haraka, afande."

Inspekta alitazama ukutani. Stendi nne zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zimefutwa vumbi. Mwenye duka alipoulizwa, alithibitisha: robo saa, haikuzidi.

Mjane alifika mwili ukiwa umeshaondolewa, gari bado limenyanyuliwa kwa jeki. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya gari kama mtu aliyesahau njia ya kwenda kwao.

"Pole sana, dada," alisema Inspekta. "Nimeambiwa aliingia chini bila stendi."

"Mume wangu? Haiwezekani. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia uzi, namjua."

"Uzi gani?"

Mama yule alifuta machozi kwa kiganja. "Lishusheni likae kwenye magurudumu, nikuonyeshe."

Askari walilishusha, wakalisukuma mbele na nyuma ili likae sawasawa. Mjane alitundika timazi, uzi wenye kipande cha risasi nchani, kwenye ukingo wa bodi, juu ya gurudumu la nyuma la kushoto. Uzi ulicheza, ukatulia.

"Kuna chuma kirefu huku nyuma," alieleza. "Ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye ekseli. Kazi yake ni kuishika ekseli isihame kushoto wala kulia. Ukilishusha gari, kile chuma kinalala zaidi, kinaisukuma ekseli upande mmoja. Kwa hiyo lazima ukipunguze urefu, kidogo kidogo, mpaka ekseli irudi katikati. Na huwezi kupima gari likiwa limenyanyuliwa. Lazima uzito wake wote ukae chini." Aliweka rula kati ya uzi na tairi. "Soma, afande."

"Milimita kumi na tisa."

Wakahamia kulia. Uzi ukatulia tena. Inspekta aliinama, akasoma, akasoma mara ya pili.

Kumi na tisa.

Kwa miaka kumi na minane ya kazi alikuwa ameona mengi ya kutisha, ila hakukumbuka kitu kilichomnyamazisha namna hii. Rundo la chuma lenye uzito wa tani nzima, na mtu mmoja kwa uzi na rula alikuwa ameliweka katikati bila kukosea hata unene wa ukucha. Alijikuta amevua kofia.

"Ni kawaida yake?"

"Ikizidi moja, anafungua upya. Chungulia nati za kile chuma, ameshazipaka rangi nyeupe. Akipaka rangi amemaliza, harudi tena chini. Kazi hii ni tangu chai ya asubuhi mpaka saa nne."

"Robo saa haitoshi?"

"Robo saa?" Mjane alishangaa. "Nani amekwambia..."

Hakumalizia. Aligeuka polepole kumtazama kaka yake kule juu ya tairi. Chapchap aliinamisha kichwa.

Katika chumba cha mahojiano, Inspekta hakupandisha sauti.

"Ulisema ndiyo kwanza anafungua springi. Gari lilikuwa limeshamalizika na kupimwa. Alirudi chini kufanya nini?"

Chapchap alitazama mlango.

"Dada yako ndiye aliyenipimia."

Chapchap alifunika uso. "Nilimwita. Nilinyanyua nyuma kwa jeki, nikamwambia shemeji, naona mafuta yanavuja. Akasema lete stendi. Nikamwambia chungulia tu mara moja. Akaniamini. Nikailegeza jeki, halafu nikaenda dukani."

"Kwa nini?"

"Yule mwalimu aliyepata ajali mwezi uliopita. Gari lake nililishusha mimi. Kile chuma sikukigusa, nilitaka kumaliza upesi. Ekseli ikahama, tairi likawa linasuguana na bodi kwa ndani mpaka likapasuka akiwa kwenye mwendo. Alikufa yeye na mwanawe."

"Timazi alijuaje?"

"Mabaki ya gari yaliletwa kwetu. Aliona tairi lilivyoliwa, akapapasa nati za kile chuma, hazijawahi kufunguliwa. Hakunigombeza, afande. Alikaa sakafuni akalia. Kisha akasema, 'Shemeji, Ijumaa twende polisi ukaseme mwenyewe. Nitakuwa pembeni yako.'"

Na siku hii ya kifo chake ilikuwa Alhamisi.

"Unadhani angekuja kweli?" aliuliza Inspekta.

"Angekuja," alisema Chapchap. "Jana nilimsikia anamwomba dada amnyooshee shati la Ijumaa."