Sadaka ya Mama Yangu Ilivyonifukuzisha Kazi

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nane, mzaliwa wa Kanga, Mafia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka kunicheka acheke... walionicheka Kilindoni wanatosha! Na majina sifichi. Aliyenimaliza ni Hamisi, fundi simu wa Kiegeani, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, Zuhura.

Nilikuwa na kazi katika kampuni ya kununua pweza pale Kilindoni. Nilianza kwa kufagia na kupika chai. Baada ya miaka kumi na moja nikawa napima pweza na kuingiza uzito kwenye kompyuta. Mimi, wa darasa la nne! Kompyuta ilifunguka kwa kidole changu tu. Mjane kama mimi, ukiniondolea kazi ile unanibakishia nini?

Intaneti ya pale ililindwa. Kompyuta isiyoandikishwa haiingii, na bosi alitukataza kabisa kumpa mtu wa nje. Nilijua. Sisemi uongo, nilijua!

Mama yetu, Bi Tatu, akafariki. Baada ya hitma Hamisi akazoea kuja kunywa chai kwenye chumba changu cha mizani, bosi akiwa ameenda kuswali adhuhuri. Siku moja akaniambia kompyuta yangu inaweza kutengenezewa mtandao mwingine ndani yake, bila kununua kifaa chochote. Itaingia kwenye mtandao wa kampuni kwa jina langu, halafu itawarushia majirani kwa jina jingine. Nikakataa. Akacheka.

"Wallahi shemeji, ungekuwa kisima wewe, ungejifunika! Watu wanatafuta kuongea na jamaa zao Dar, we umekumbatia tu. Mfanyie marehemu. Hiyo ni sadaka inayoendelea, thawabu zinamfuata kaburini."

Hapo akanipata... Kwetu mzazi akifa, mwenye uwezo humchimbia kisima, au hupeleka misahafu msikitini. Mimi ningechimba kisima kwa lipi?

Nikaweka kidole. Akabonyeza-bonyeza, na kabla chai yake haijapoa mtandao ukatokea kwenye simu yangu. Tena mimi mwenyewe, mpumbavu, nikamwambia auite Sadaka ya Bi Tatu. Nikamkataza kuweka neno la siri. Sadaka gani inafungwa mlango?

Wiki tatu niliwaona watu wamejibanza ukutani na simu zao, nami najisemea, mama anapata, mama anapata!

Kumbe Hamisi alikuwa na lake. Alimleta mnunuzi mwingine wa pweza, mshindani wetu, wakapitia mlango ule ule mpaka kwenye barua pepe za kampuni. Wakasoma nani ananunua, kwa bei gani. Wateja wetu wakubwa wakahamia kwao.

Bosi akaita fundi kutoka Dar. Yule fundi alizunguka jengo zima, simu mkononi, hadi mlangoni kwangu. Akasoma kwa sauti: "Sadaka ya Bi Tatu. Bi Tatu ndiye nani hapa?"

Ofisi nzima ikanigeukia. Wote walikula pilau ya hitma yake!

Bosi hakupiga kelele. Heri angepiga. "Mama Rukia," akaniambia, "nilikuamini kuliko hata ndugu zangu."

Nikamtaja Hamisi. Akaitwa, akaja na kanzu safi, akaapa. "Bosi, mimi natengeneza simu, kompyuta siijui. Huyu shemeji yangu tangu afiwe hayuko sawa. Tumsamehe tu."

Hayuko sawa! Na chai yangu bado iko tumboni mwake!

Nikafukuzwa siku ile ile. Nikakimbilia kwa Zuhura, maana alijua kila kitu, nikamlilia akaseme kweli. Unajua alinijibu nini? "Dada, kazi ni yako, mume ni wangu. Kila mtu abebe chake." Mwezi haukuisha, Hamisi akaajiriwa na yule mshindani. Anakaa ofisini, feni linampepea. Mimi nafunga mwani kwenye kamba baharini, maji kiunoni, mgongo unaniua.

Wameleta watu wa suluhu mara mbili. Nimewafukuza. Simsamehe Hamisi, na Zuhura simsamehe!

Msomaji mwenzangu, kazini kwako ukikatazwa kitu, kataa. Akija ndugu, kataa. Akija na jina la marehemu mdomoni, huyo mkimbie kabisa! Anune, nuno haliui.

Juzi nilimwuliza shehe kama zile wiki tatu mama yangu alipata chochote. Akaniambia cha mtu hakitolewi sadaka, binti yangu.

Hakupata kitu... Hata yeye hakupata kitu!