Koili Ndogo Yenye Njaa Kubwa

Dobi alikuwa na imani yake: kitu kikubwa hula sana, kitu kidogo hula kidogo. Alipima watu hivyo, akapima na vyombo vya umeme hivyohivyo. Na akishaamini jambo, kumtoa hapo ni kazi!

Asubuhi hiyo nguo za wateja zilikuwa nyingi, akaamua kufanya kazi mbili kwa pamoja. Alitumbukiza koili ya kuchemshia maji ndani ya ndoo, akawasha pasi. Kwenye kona ya chumba hichohicho lilisimama kabati la nguo la zamani. Mkewe alikuwa ameligeuza mashine ya kutotolea vifaranga. Ndani mlikuwa na hita, feni ndogo na trei zilizojaa mayai.

"Njoo uone! Njoo upesi!" mkewe alipiga kelele. "Yai limetoboka!"

Dobi aliacha shati la mteja mezani, akachungulia kwenye kioo cha mlango wa kabati. Kweli! Kidomo kilikuwa kinagonga ganda kwa ndani.

"Lo! Haka kabishi kweli!" alisema huku akicheka.

Kabla hajamaliza kucheka, tap! Umeme ulikatika. Swichi ya usalama ukutani ilikuwa imejizima. Dobi aliiwasha. Ikajizima tena.

"Mume wangu, mayai yakipoa leo vifaranga watafia ndani," mkewe alisema. "Nimeyalea mayai haya kama watoto."

"Tatizo ni hilo kabati lako," dobi alijibu. "Limejaa chumba kizima, linabugia umeme wote. Tulichomoe kidogo, nimalize nguo za watu."

"Kulichomoa? Nichomoe roho kwanza!"

"Basi niifunge swichi kwa waya, isijizime."

Mkewe alichukua simu akampigia wifi yake, mdogo wake dobi, ambaye ni fundi umeme na anakaa mtaa wa pili. Wifi alifika anahema, mkoba begani.

"Shikamoo kaka. Na huo waya mkononi ni wa nini?"

"Marahaba. Wa kuishikilia hii swichi korofi."

"Weka chini! Swichi hii ndiyo mlinzi wako. Tazama, imeandikwa ampea kumi. Mkondo wa umeme ukizidi hapo, inakata. Ukiizuia, nyaya za ukutani zitapata moto, na nyumba itaungua na mashati ya watu ndani!"

Dobi aliutupa ule waya kama aliyeshika siafu.

Fundi alichomoa pasi na koili, akawasha swichi. Kabati likaanza kunguruma tena. Kisha akatoa kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi.

"Hiki kinasoma vitu viwili," alieleza. "Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Hapa msukumo ni volti 240. Haya, tuanze na hilo kabati unalolisingizia."

Kipimo kilionyesha ampea moja.

"Moja tu?" dobi alishangaa. "Jitu lote hili?"

"Moja tu. Ukitaka nguvu, zidisha volti kwa ampea. 240 mara moja ni wati 240. Sasa lete koili yako."

Koili ikiwa ndani ya ndoo, ilipimwa peke yake. Ampea nane!

"Nane!" mkewe alipiga makofi. "240 mara nane ni... wati 1,920! Mume wangu, mdharau mwiba mguu huota tende!"

"Ngoja kwanza," dobi alisema, macho yamemtoka. "Kadude kadogo hivi kanawezaje?"

"Ukubwa wa umbo si hoja," fundi alijibu. "Angalia ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo. Gawanya volti kwa ampea. Kabati: 240 gawa kwa moja, ni ukinzani wa omu 240. Koili je?"

Dobi alichukua chaki ya kuwekea nguo alama, akaandika mezani. "240 gawa kwa nane... thelathini. Omu thelathini! Kumbe inazuia kidogo, ndiyo maana mkondo unapita mwingi!"

"Umenena! Na pasi yako inavuta ampea tano."

Dobi hakungoja kuulizwa. "Moja, nane na tano, kumi na nne. Swichi inaruhusu kumi. Mimi ndiye ninayeizima! Koili na pasi zisiwake pamoja."

"Hapo umeshika," dada yake alisema, akicheka.

Siku ile dobi alichemsha maji, akachomoa koili, ndipo akapiga pasi. Swichi haikujizima tena. Mayai yalizidi kutoboka, na kila kifaranga alipotoka dobi alishangilia kuliko mkewe.

Jioni dobi alikuwa anachemsha ndoo ya mwisho. Mteja alikuwa ameketi akisubiri. Mkewe alikuja na boksi la vifaranga waliokwisha kukauka, na taa ya kuwapa joto.

"Niichomeke?" aliuliza kwa wasiwasi. "Imeandikwa wati 240."

Dobi alishika chaki. "Wati gawa kwa volti. 240 kwa 240, ampea moja. Koili nane, kabati moja, taa moja. Kumi kamili."

"Si ndiyo kiwango chenyewe?" mteja alisema. "Washa tu."

"Kiwango ni ukingo, bwana, na ukingoni hatulali," dobi alijibu. Akainama, akachomoa koili yake mwenyewe. "Maji yatasubiri. Haya, mke wangu, washa."

Taa iliwaka. Vifaranga walikimbilia kwenye joto wakisukumana, na dobi akapiga magoti sakafuni kuwatazama.