Matembezi ya Jioni Magofuni

Saa nane mchana. Temeke, 1954.

Chumba cha nyuma cha duka la Sultan kilinuka mafuta ya taa na samaki wa ng'onda. Dirisha limefungwa. Jasho. Watu watatu wamekaa juu ya madebe. Wa nne, Sultan mwenyewe, amechutama sakafuni, bastola kiunoni, kipande cha mkaa mkononi. Anachora.

"Huu mto Mzinga. Hii njia ya kutoka barabarani. Hapa nyumba ya ami yangu marehemu. Hapa msikiti uliobomoka. Wageni wanatoka nyumbani kwa ami wanakwenda msikitini kwa miguu, wanasimama penye kila jiwe. Nusu saa. Kweli, mwalimu?"

"Nikitaka nitaifanya saa nzima," akasema Leodegar.

"Utataka."

Leodegar hakuwahi kuwa mwalimu. Jina hilo walimpa kwa sababu ya Kiingereza chake. Alikuwa Mhaya mwembamba, aliyewahi kuwa karani wa kampuni moja ya shehena hadi magunia ya sukari yalipopotea. Hakuyaiba. Alifukuzwa. Tangu hapo kila ofisi aliyobisha hodi ilikuwa imeshapata habari zake. Sasa jioni za Jumamosi alikuwa akiwatembeza wageni Magofuni, mji wa kale juu ya ukingo wa mto, akiishi kwa bakshishi. Miaka sita aliitwa mwizi bila kuiba hata sindano. Sultan alipomfuata, alikubali kabla ya kuulizwa mara ya pili.

"Kasha liko juu, chumbani kwa bi mkubwa," Sultan akaendelea. "Dhahabu ya harusi ya vizazi vitatu. Ami alipokufa, mie niliambulia kanzu zake mbili. Wahiba, sema."

Wahiba alikaa karibu na mlango, buibui mabegani, kikapu cha kahawa miguuni. Alikuwa akimtumikia Bi Bahiya, mjane wa Mzee Hilal, huyo ami yake Sultan, na kwa siri alikuwa mchumba wa Sultan. Bibi alimtuma kahawa tu. Hakuwa na muda.

"Bi Bahiya hufuatana na wageni mpaka msikitini," akasema. "Anakwenda kumsomea marehemu Fatiha, kaburi lake liko pale. Nyumba inabaki na mie. Mlango wa uani nitauacha wazi."

"Na ufunguo wa kasha?" akauliza Leodegar.

Wahiba akamtazama Sultan kwanza. "Upo."

Sultan akamgeukia mtu wa tatu, Kamugisha, kuli wa bandarini, shingo nene kama gogo. Alikulia kijiji kimoja na Leodegar huko Bukoba, na Dar walipanga chumba kimoja. "Wewe unabeba karabai. Wageni wote wakishaingia msikitini, inyanyue juu ya ukuta. Nikiiona, naingia. Litokee litakalotokea, taa ipande."

"Itapanda."

"Bibi asiguswe," akasema Leodegar.

Nzi akapiga piga kwenye dirisha.

"Bibi atakuwa na wewe huko msikitini, mwalimu. Nani wa kumgusa?" Sultan akatabasamu, akaufuta mchoro kwa wayo wa kiatu.

Saa kumi na moja na nusu jioni.

Basi liliwashusha wageni kando ya barabara. Wazungu waliotoka kwenye meli, Mhindi mmoja na mkewe, bibi mnene wa Kiingereza mwenye kofia ya majani. Leodegar akawakaribisha kwa sauti yake ya kazi. Sauti ikakatika katikati.

Mtu wa mwisho kushuka alikuwa mrefu, nywele nyekundu, bakora ya mpingo mkononi. Inspekta wa polisi. Leo hakuvaa sare, lakini sura ile Leodegar angeitambua hata gizani. Ndiye aliyemhoji kuhusu sukari.

Inspekta akamkazia macho. "Tumewahi kuonana wewe na mimi?"

"Watu wengi huja Magofuni, bwana."

"Mimi ni mara yangu ya kwanza."

"Basi hatujaonana, bwana."

Kamugisha, karabai begani, akamsogelea na kunong'ona kwa Kihaya: "Nani huyo?"

"Polisi."

"Tuache?"

Miguu ya Leodegar ilikuwa imeshaanza kwenda. Aliongea na kuongea, akiwaonyesha ukuta, mlango uliomezwa na mizizi ya mkuyu, birika la maji lililokauka, na huku macho yake yakiruka kila kichaka. Kitu kilimwasha ndani ya kifua, mahali asipoweza kukuna.

Nyumba ya Mzee Hilal ndiyo pekee iliyobaki na paa Magofuni. Bi Bahiya alikaa barazani, mguu mmoja juu ya kigoda, umefungwa kitambaa.

Jumamosi nyingine saa hizi alikuwa ameshavaa viatu, tayari kutoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo mguu umegoma, sitoki. Ningekwambia unisomee Fatiha kwa mzee, lakini wewe Mkristo." Akacheka. "Basi ukifika pale mwambie tu nimemsalimu. Alikuwa akikupenda yule."

Kweli alimpenda. Mzee Hilal ndiye aliyemshika mkono Leodegar baada ya kufukuzwa, akamwonyesha kila jiwe la mji ule na jina lake.

"Bibi, jikaze kidogo twende. Nitakushika mkono."

"Mguu huu? Nendeni, nendeni. Giza linakuja."

Nyuma yake Wahiba alisimama na sinia. Hakuinua macho.

Wageni walishaanza kuteremka njia. Leodegar akamfikia Kamugisha, akasema bila kugeuza kichwa: "Bibi yumo ndani. Taa isipande."

"Sultan alisema..."

"Nimesikia alichosema. Isipande."

Saa kumi na mbili na nusu.

Msikiti haukuwa na paa. Vyura walipiga kelele mtoni, mbu wakashuka kwa mafungu. Bibi mnene alijipiga shavu, akauliza mihrabu ile ilichongwa kwa jiwe gani.

"Matumbawe, mama. Yanachongwa yakiwa mabichi, laini kama sabuni. Yakikauka..."

Vivuli vya wageni vikaanza kuteremka ukutani. Vikafupika. Vikajikunyata miguuni mwao. Mwanga ulikuwa unapanda.

Leodegar akageuka. Kule nyuma Kamugisha alisimama juu ya kifusi, mikono yote miwili imeinua karabai juu ya ukuta. Alikuwa amefumba macho.

"Itazameni mihrabu kwa karibu," Leodegar akawaambia wageni. "Narudi sasa hivi."

Akamvuta Kamugisha chini nyuma ya ukuta, akamkaba shati.

"Umefanya nini?"

"Ataniua, Leodegar."

"Atamkuta bibi mle ndani! Bibi anamjua!"

Kamugisha alitweta kama aliyetoka kubeba gunia. "Alijua kwamba bibi hatatoka. Wahiba alimwambia mguu umevimba tangu juzi. Ndiyo maana akaichagua leo. Ufunguo wa kasha bibi huuvaa shingoni, hauvuliwi hata akioga. Wewe hukuambiwa, ungekataa."

"Bibi atamtaja. Ataachaje kumtaja mtoto wa shemeji yake?"

Kamugisha akatazama chini.

Leodegar akaelewa. Akaliachia shati.

"Wahiba anajua?"

"Anadhani bibi atafungwa kitambaa usoni, basi."

"Na mie nimewekwa wapi kwenye mpango huu?"

"Sultan alisema polisi watauliza nani mwingine anaijua nyumba ile. Nani alifukuzwa kwa wizi wa sukari. Alisema hakuna atakayemtafuta mtu wa pili."

"Wewe umeyajua haya tangu lini?"

"Jana mchana."

"Jana usiku tumekula sahani moja."

"Ndiyo." Kamugisha alikuwa analia sasa, bila sauti. "Kimbia. Maji yamekupwa, pita kwenye mikoko. Kesho uwe mbali. Mie nitawaambia ulianguka mtoni."

Leodegar akaitazama mikoko. Iliwezekana. Tope la magotini, kisha ng'ambo, kisha njia ya kusini ambako hakuna anayemjua. Alipiga hatua mbili kuelekea huko. Upande wa pili wa ukuta bibi mnene alicheka, na kicheko kile kikamkumbusha kicheko kingine, barazani, cha mtu ambaye huenda sasa hivi alikuwa akisikia mlango wa uani ukifunguka.

Akarudi msikitini.

"Mabibi na mabwana, tunarudi kwa njia ya mtoni. Ni fupi. Naomba twende haraka."

Inspekta hakuinuka kwenye jiwe alilokalia. "Haraka ya nini?"

"Kuna mtu mwenye bastola nyumbani kwa Bi Bahiya, bwana."

"Umejuaje?"

"Tutembee kwanza. Tukifika nitakujibu yote."

Inspekta alimtazama. Kisha akasimama, akaishika bakora katikati. Aliwaamuru wengine wabaki, lakini karabai ilikuwa moja tu na hakuna aliyekubali kuachwa gizani. Wakaondoka wote, mbio mbio, mabibi wameshika magauni, Mhindi amemshika mkewe kiuno. Leodegar mbele. Kamugisha kando yake, karabai ikiyumba.

Saa moja kasorobo.

Walivisikia vishindo vya mlango kabla ya kuiona nyumba. Mtu alikuwa akipiga ubao kwa mguu. Kisha sauti ya Wahiba, kali, kutoka ghorofani:

"Humpati! Hata ukinichinja humpati!"

Dakika chache kabla ya hapo, Wahiba alipoiona bastola mkononi, na kuona kwamba Sultan hakujifunika uso, alielewa. Alimburuta bibi na mguu wake mbovu mpaka bafuni, akatia komeo. Kasha lilikuwa la mbao za mkangazi lenye njumu za shaba, la kubebwa na watu wanne. Bila ufunguo Sultan hakuwa na kitu. Na ufunguo ulikuwa nyuma ya mlango ule.

Mwanga ulipoingia uani, vishindo vikakoma. Hatua zikateremka ngazi upesi. Sultan akatokea mlangoni, kanzu imepandishwa kiunoni, bastola mkononi, akakutana uso kwa uso na karabai na nyuso zote zile zikimtazama.

Alisimama. Alitafuta pa kupita. Hapakuwepo.

Leodegar akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile aliyowaonyeshea birika na mihrabu: "Huyu, mabibi na mabwana, ni Sultan bin Nasor. Mwenye nyumba hii alikuwa ami yake. Mtazameni vizuri."

"Mbwa wewe," akasema Sultan, akafyatua.

Leodegar hakupata kujua kama Kamugisha alisogea mbele kwa kumkinga au alijikwaa tu. Aliona lile bega pana likipita mbele yake. Kisha karabai ikaanguka, kioo kikapasuka, giza. Mabibi wakapiga mayowe. Bakora ikalia juu ya mfupa, mara ya pili, mara ya tatu. Kitu cha chuma kikadondoka kwenye kizingiti cha chokaa. Inspekta akaita kwa nguvu, na wanaume wa melini wakajirusha kule sauti ilikotoka.

Mtu akawasha kurunzi ndogo. Sultan alikuwa chini, uso kwenye mchanga, watu watatu mgongoni. Kamugisha alikaa ameegemea ukuta, mikono tumboni. Damu ilipita kati ya vidole. Leodegar akapiga magoti, akavua shati lake, akalikandamiza pale.

"Taa imevunjika," akasema Kamugisha.

"Nyamaza. Usiseme."

Wahiba akateremka na Bi Bahiya, amemwegemeza begani. Bibi alikuwa na alama nyekundu shingoni mahali uzi wa ufunguo ulipovutwa, lakini ufunguo ulikuwepo.

"Mnamshukuru nani nyie?" Sultan akafoka kutoka mchangani. "Mwalimu ni wetu huyo! Amekula njama na sie tangu mwanzo! Muulizeni!"

Inspekta alifahamu Kiswahili. Kurunzi ikahama, ikatua usoni mwa Leodegar. "Nilijua nakufahamu," akasema taratibu. "Sukari."

Bi Bahiya akasogea hatua moja. "Anakusingizia, siyo, mwanangu?"

Wahiba alikaa kimya. Kamugisha hakuwa na sauti ya kusema. Ushahidi ungekuwa wa Sultan peke yake, jambazi aliyekamatwa na bastola. Neno moja lingetosha. Leodegar alilihisi limekaa tayari ulimini.

"Hanisingizii, bibi."

Bi Bahiya akamtazama. "Mzee alikuonyesha kila jiwe," akasema, kisha akajivutia mtandio usoni na kumgeuzia mgongo. Wahiba akataka kumshika. Bibi akauondoa mkono wake, akaishika nguzo ya baraza.

Saa moja na nusu.

Hapakuwa na pingu. Inspekta aliwafunga Sultan na Leodegar mikono kwa kamba za kitanda, na Wahiba akatembea katikati ya mabibi wawili, kichwa chini. Wanaume wanne walimlaza Kamugisha juu ya kitanda kilichobaki na nusu ya kamba. Basi lilikuwa barabarani, upande wa pili wa mji mzima wa visima na mashimo, na betri ya kurunzi ilikuwa inakufa.

"Nani anaijua njia hata gizani?" akauliza Inspekta.

Macho yote yakamgeukia Leodegar.

Akamsukuma Leodegar mbele, kwa ncha ya bakora mgongoni. "Basi tutoe."

Wakaenda kwa mstari. Leodegar kifua wazi, mikono nyuma, akipapasa njia kwa miguu.

"Shimo mkono wa kushoto," akasema kwa Kiingereza. "Kaeni kulia. Ukuta huu msiuegemee."

Nyuma yao kitanda kililia kwa kuyumba, na Kamugisha akaguna kila walipobadilisha mabega. Ulikuwa mguno mfupi, kama wa kuli anayepokea mzigo. Leodegar alitembea akiusikiliza. Ulipochelewa alipunguza mwendo. Uliposikika akaendelea.

"Kisima hapa. Pitieni nje ya mawe."

"Kirefu?" Bibi mnene aliuliza kwa sauti ya kutetemeka. Huenda alitaka tu kusikia mtu akiongea.

"Kirefu, mama. Wanasema kilichimbwa na mwanamke, mume wake akiwa safarini. Aliporudi akakuta mji mzima unakunywa kwake."

"Jina lake nani?"

"Halikubaki."

Walikuwa wameshapita kisima alipotambua kwamba hajausikia ule mguno. Alisimama. Nyuma, wabebaji nao walikuwa wamesimama. Mmoja wao alisema neno kwa sauti ya chini. Mwingine akavua kofia.

Leodegar hakugeuka. Kamba zilimkata vifundo vya mikono.

"Twende," akasema Inspekta nyuma yake, lakini bila kusukuma.

Leodegar alivuta pumzi, akapapasa mbele kwa kidole cha mguu mpaka alipogusa jiwe.

"Ngazi tatu," akasema. "Zinateleza. Mshikane mikono."