Daktari Anapopita, Ndugu Mmoja Abaki

"Inua kiuno kidogo, Baba. Hivyo hivyo."

Fundi cherehani alikuwa anavuta shuka lililolowa jasho chini ya baba yake. Alivuta polepole, maana mzee alikuwa na jeraha la upasuaji pajani. Mzee huyo alikuwa mwashi. Alianguka kazini, mfupa ukavunjika.

"Mwashi, leo umepauka kama ukuta usiopakwa rangi," alitania mgonjwa wa kitanda cha jirani. Wodini wote walimwita Dereva.

"Na wewe funga breki," mwashi alijibu.

Dereva alicheka, kisha akashika tumbo. Mkewe alimfuta uso.

Kengele ikalia. Askari wa mlangoni akaingia.

"Haya, ndugu wa wagonjwa, nje! Daktari anapita!"

"Kaka, niache nimalize kutandika."

"Dada yangu, sheria sikuitunga mimi. Twende."

Wakatoka, wakasimama kando ya dirisha. Daktari alikwenda kitanda hadi kitanda. Wagonjwa walikuwa wengi, na macho yake yalikuwa mazito kwa uchovu.

"Mzee, unaendeleaje?"

"Sijambo, daktari. Tunashukuru."

"Na wewe, Dereva?"

"Salama kabisa, daktari."

Nje, fundi cherehani aliuma mdomo. Asubuhi hiyo alimkuta baba yake akitetemeka kwa homa. Bandeji nayo ilikuwa imeanza kunuka. Lakini mzee aliona ni kukosa adabu kumlalamikia mtu anayekutibu.

Kesho yake kitanda cha Dereva kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limekunjwa. Mkewe alikuwa anakusanya ndoo, chupa ya chai na kandambili. Muuguzi mkuu wa wodi akamshika bega.

"Pole sana, mama."

"Hakukojoa siku mbili," mjane alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kumwambia daktari. Lakini daktari akipita, mimi niko nje."

Muuguzi alimpokea ndoo. "Yeye hakutuambia," alisema. "Na wewe hatukukuuliza."

Jioni ile muuguzi aliwaita ndugu wa wagonjwa barazani. Daktari naye akaja, akakaa nao kwenye benchi. Watu wakatazama miguu yao.

"Tulikuwa tunawatoa kwa sababu wodi hujaa," muuguzi alisema. "Tena habari za mgonjwa ni siri yake. Hilo bado ni kweli. Lakini nyinyi mnamwona akila, akilala, akienda haja. Sisi tunamwona kwa muda mfupi tu. Mgonjwa akiacha kukojoa, akipata homa, akichanganyikiwa, au jeraha likinuka, hiyo ni hatari. Msingoje kuulizwa. Semeni."

"Tukisema, si mtasema tunawafundisha kazi?" aliuliza muuza mkaa, aliyekuwa akimuuguza kaka yake.

Wachache walicheka. Daktari hakucheka.

"Nifundisheni," alisema. "Afadhali hivyo kuliko kumpoteza mwingine."

Wakakubaliana. Daktari anapopita, kila mgonjwa abaki na ndugu mmoja. Ndugu huyo anawe mikono kwa sabuni. Na mgonjwa mwenyewe akubali kwanza.

"Baba, kesho nibaki?" fundi cherehani aliuliza aliporudi wodini.

"Ili iweje? Habari za mwili wangu zitangazwe mbele ya binti yangu?"

"Shuka nakubadilishia mimi, Baba. Kuna lipi nisilolijua?"

Mzee aligeuza uso. Akakiona kitanda cha Dereva. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Haya. Baki."

Asubuhi kengele ililia. Askari alimpita fundi cherehani bila kumgusa.

"Mzee, unaendeleaje?"

"Sijambo, dakta..." Mzee akamgeukia binti yake.

"Baba, nimwambie?"

Mzee akafumba macho. "Mwambie."

Binti akaeleza yote: homa, jasho, harufu. Daktari alikata bandeji pale pale. Usaha ukatoka.

"Leo hii tunalisafisha jeraha, na dawa tunabadilisha," alisema. "Tungechelewa, mguu ungekwenda. Labda na yeye mwenyewe."

Siku zilivyopita, homa ilishuka. Mzee akaanza kula. Mguu ukapona kidogo kidogo. Ila utani ulikwisha. Hakuwa na wa kumtania.

Vikao vya barazani viliendelea. Mjane wa Dereva naye alikuja, ingawa hakuwa tena na mgonjwa. Alikaa mwisho wa benchi, mikono mapajani. Jioni moja akasema:

"Asubuhi mmeitengeneza. Usiku je? Mume wangu alizidiwa usiku."



"Usiku muuguzi ni mmoja, wodi ni mbili," muuguzi alisema. "Akiwa kule, huku wakiita hasikii."

"Basi kila kitanda kiwekwe kengele," alisema muuza mkaa.

"Muuguzi yuko wodi ya pili, kengele itamlilia nani?" aliuliza askari. "Wewe uliyelala kwako?"

"Ndugu wawili walale hapa, kwa zamu," alisema fundi cherehani.

"Walale wapi?" muuguzi aliuliza. "Sakafuni?"

Walibishana mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha. Muuguzi akasimama.

"Hatujamaliza. Kesho tuanzie hapo hapo."

"Nitakuja," alisema mjane.

Fundi cherehani aliingia wodini. Akasogeza kikombe cha maji karibu na mkono wa baba yake, akamuaga, akatoka. Askari akafunga mlango nyuma yake. Asubuhi ilikuwa imebadilika. Usiku ulikuwa bado ni ule ule.