KOLA NILIYOMCHAGULIA KAPITA

Nilibonyeza.

Msitu ukawa kimya. Hakuna kitu.

Nikapandisha ngazi kwenye rimoti, nikabonyeza tena. Safari hii sikutoa kidole haraka.

Ndipo kilio kikatoka mbali, upande wa kushoto, kule bondeni kwenye miti minene...

Mume wangu Florent akanishika mkono.

"Priscille, acha. Unaiumiza."

"Moja tena tu, tujue iko wapi."

Nikabonyeza mara ya tatu.

Najua mnavyoniona sasa hivi. Mwanamke mzima, amesimama msituni jua likielekea kuzama, anamchoma mbwa kwa umeme ili alie. Nioneni hivyo hivyo, sitabisha. Ila mjue pia tulikuwa tunamtafuta nani.

Tulikuwa tunamtafuta papa.

Papa Ngoy ni baba mkwe wangu, mtu wa Likasi, kule Kongo. Tunaishi naye hapa Brussels, Ixelles, nyuma kidogo ya Porte de Namur. Sisi watatu na Kapita.

Kapita ni mbwa wa kuwinda. Mweupe, madoa ya kahawia, masikio yanaburuza. Papa alimfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo, kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Ukimwambia kitu kwa Kifaransa anakutazama tu.

Kila msimu rafiki mmoja wa papa, Mbelgiji, alikuwa anakuja kuwachukua kwa gari kwenda kuwinda ndege kule Ardennes. Papa akirudi, wiki nzima nyumba ina kelele. Tangu mama mkwe wangu afariki, hiyo ndiyo furaha pekee aliyobaki nayo.

Sasa siku moja yule rafiki akampigia simu Florent. Akasema Kapita ameharibika. Papa akimwita huku, mbwa anaenda kule. Papa akianza kutembea, mbwa anamkatia njia na kumbwekea. Wenzake wamechoka. Mbwa asiponyooka, msimu ujao wabaki nyumbani.

Florent alikaa kitini na simu mkononi.

"Bon, tunafanya je? Papa akikosa ile chasse, atakufa na huzuni."

Nikamjibu bila hata kufikiri.

"Ni imbwa. Inabidi tutafute collier ya kuifundisha."

Nilidanganya. Nilijua kabisa kwamba shida si mbwa.

Nitawaambia nilijuaje. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na upande wangu ni wa wale waliopoteza kumbukumbu. Ndiyo kazi inayonilisha. Nikimwona mzee anatafuta mlango wa choo kwa macho, mimi najua kabla ya daktari.

Na papa nilikuwa nimemwona.

Nilikuta funguo zake kwenye friji, nikazirudisha kwenye koti lake kimyakimya. Alianza kuniuliza kama mama Antoinette amerudi sokoni. Mama Antoinette ndiye mama mkwe, marehemu. Nikajibu, "Bado, papa."

Asubuhi moja alinitengenezea chai, akaniwekea chumvi badala ya sukari. Alikaa mbele yangu ananitazama kwa furaha.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri, papa. Aksanti."

Nikainywa yote. Kesho yake tena. Nikazoea.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kwetu muke wa mtoto hamkosoi baba mkwe. Hata kumtazama machoni nilikuwa sijazoea. Mimi niende nimwambie mzee aliyetoa mahari yangu kwamba akili yake inaanza kuondoka? Kazini namuuliza mzee wa watu leo ni siku gani bila aibu. Nyumbani mdomo ulikuwa unakataa.

Na Florent je? Kwa Florent nilikuwa mwoga tu. Nilijua nikisema, yeye atalia, na baada ya kulia atanilaumu kwa kusema. Nikaona afadhali mbwa abebe lawama.

Nilienda dukani peke yangu, duka moja la vitu vya wawindaji upande wa kusini mwa jiji. Muuzaji akanipangia kola tatu juu ya meza.

Ya kwanza inatoa mlio tu na kutetemeka. Mbwa anashtuka, anakumbuka, basi.

Ya pili ina ramani. Unaona kwenye simu mbwa alipo, hata akiwa ameingia porini.

Ya tatu ni ya umeme. Ina pini mbili za chuma za kugusa ngozi, na rimoti yenye ngazi nyingi, inafika mbali.

Muuzaji akaniuliza kwa Kifaransa cha upole, "Mbwa wako anapotea?"

"Hapana, hapotei. Hasikii."

"Na ni nani anayempa amri?"

Nikajifanya nasoma boksi.

Akanishauri nichukue ile ya ramani. Mbwa aliyefunzwa vizuri, alisema, mara nyingi hahitaji kuumizwa, anahitaji kueleweka. Nikaiangalia ile ramani yake... nikaona kabisa Florent akiishika na kuuliza, kwani nani anapotea humu ndani?

Nikachukua ya umeme.

Nilipita kwa shoga yangu Bibiane, ana saluni ndani ya Galerie d'Ixelles. Akaigeuza geuza kola na mikono yake yenye mafuta ya nywele.

"Ya umeme? Alors, imbwa ilifanya nini?"

"Inamukatala papa."

"Priscille, ile imbwa inalalaka ku miguu ya papa yako. Leo inamukatala namna gani?"

Nikamwambia asinichanganye. Nikachukua boksi langu nikaondoka.

Muuzaji alikuwa amenielekeza jambo moja: kabla ya kumvisha mbwa, nijaribu kwanza mwilini mwangu. Kwa hiyo nikaifunga kwenye kifundo cha mkono, pale sebuleni, na papa ameketi ananitazama.

Nikabonyeza ngazi ya chini. Kama kuumwa na siafu.

"Ile kintu ni ya nini?" papa akauliza.

"Ya kumufundisha Kapita, papa. Asikuwe anakukatala."

"Kapita hajanikatala hata siku moja."

"Ndiyo, papa."

Nikatoa kola mkononi mwangu, nikamfunga Kapita. Alinyoosha shingo mwenyewe. Alidhani tunaenda kuwinda.

Jumamosi zikawa za mafunzo. Florent ni mlinzi kwenye jengo moja kule Schuman, Jumamosi anakuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nafuatana na papa msitu wa Soignes, rimoti mfukoni.

Tukimaliza kutembea, papa alikuwa anageuka kuelekea ndani zaidi ya msitu. Kapita anasimama mbele yake. Anabweka. Anakimbia kuelekea kituo cha tramu, anageuka, anabweka tena.

Jamani, mbwa alikuwa anamrudisha mzee nyumbani. Kila mara. Na mimi nilikuwa nimesimama pale naona.

Nikabonyeza.

Kapita akaruka, akalala chini. Papa akaendelea kwenda njia yake mbaya, mimi nyuma yake, halafu taratibu namzungusha: "Papa, tupitie huku, kuna jua." Heshima imebaki, mbwa amekula umeme.

Baada ya wiki chache Kapita alinyooka. Habweki. Hakatai. Papa akienda popote anamfuata, kichwa chini. Florent akafurahi sana, akampigia yule rafiki wa Ardennes. Akanisifia kwenye grupu la familia, watu wakanitumia maua. Niliyaangalia yale maua nikazima simu.

Sasa turudi siku ile.

Nilikuwa nimetoka zamu, nikalala kidogo. Kuamka, papa hayupo. Kapita hayupo. Simu ya papa iko mezani inachaji. Rimoti ilikuwa kwenye koti langu la kazi.

Nikampigia Florent, akakimbia kutoka kazini. Polisi wakaambiwa, wakasema wanatuma watu. Sisi tukatangulia Soignes. Mama mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi alituambia ameona mzee mweusi na mbwa mwenye kola ya rangi ya chungwa, wakiingia ndani ndani, nje ya njia.

Tuliita mpaka sauti zikakauka.

"Papa! Papa Ngoy!"

Florent akasema, "Tumuite Kapita. Kapita atabweka."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika rimoti.

"Hatabweka," nikamwambia.

"Juu ya nini?"

"Nilimufundisha asibweke."

Florent aliniangalia, na mimi nikatoa rimoti mfukoni. Baridi ilikuwa inaingia, papa alikuwa na sweta tu. Hapakuwa na namna nyingine ya kuwasikia. Ndipo nikabonyeza, kama nilivyowaambia mwanzo.

Kile kilio kilikuwa kizito kuliko ninavyomjua Kapita. Nikajiambia ni umbali.

Mara ya tatu Florent akasimama ghafla.

"Priscille... ile si sauti ya imbwa."

Tukakimbia. Nilianguka, nikainuka, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

Tuliwakuta bondeni, chini ya mti. Kapita alikuwa amejilaza juu ya miguu ya papa, amemfunika kama blanketi. Shingo yake ilikuwa tupu.

Kola ilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa papa. Imekazwa vizuri. Upande wa pini ndani.

Nilipiga magoti. Florent ndiye aliyeifungua.

"Papa, juu ya nini uliivala?" akauliza.

Papa alinitazama mimi, si Florent. Siku ile macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Kapita alikuwa anatetemeka. Nikamutosha hii kintu ku shingo. Nikaivala ku mukono, kama vile Priscille alivala ku nyumba, isipotee."

"Na ilipouma, papa? Haukuitosha?" Florent akauliza.

"Nilitaka kuitosha. Kisha nikasema, non. Kama inauma, Priscille eko karibu. Nikaiacha, nikalia, musikie."

Nililia pale chini mpaka polisi wakafika na tochi zao. Mmoja aliniuliza kama nimeumia.

Nyumbani, papa akiwa amelala, ndipo Florent akasema, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya kununua collier."

Hakunipigia kelele. Alienda kukaa jikoni peke yake, na nilimsikia analia kwa sauti ya chini, kama nilivyokuwa nimeogopa. Lakini hakufa mtu kwa kulia kule. Kumbe ningesema mapema angelia vile vile, na mbwa angebaki na sauti yake.

Papa sasa ana daktari. Ardennes haendi tena, rafiki yake ndiye anakuja kumsalimia na kumletea picha. Kola niliikata kwa mkasi wa jikoni.

Kapita bado habweki. Nikiingia sebuleni anahama, anaenda kukaa nyuma ya miguu ya papa. Sijamlazimisha.

Wiki iliyopita papa alinitengenezea chai. Nikaonja.

"Papa," nikasema, "hii ni chumvi."

Akashangaa. "Chumvi? Na ile ya jana?"

"Chumvi pia."

"Na ulikunywa?"

"Nilikunywa, papa."

"Sasa juu ya nini haukusema, mwana yangu?"

Swali hilo nawaachia ninyi, hasa wenye wazee nyumbani. Kama umeona, sema, na useme kwa mwenyewe, kwa upole, mapema. Heshima niliyokuwa naifanya mimi ilikuwa ni woga uliovaa nguo nzuri, na aliyeilipia ni mnyama asiye na kosa. Na yule anayebweka nyumbani kwako, awe mbwa awe mtu, msikilize kwanza kabla hujamtafutia kola.

Nilidhani hapo nimemaliza. Lakini kuna kitu kimoja.

Zile pini zilimwachia papa madoa mawili madogo mkononi. Yanaanza kufifia, lakini anayaona. Kila baada ya siku chache ananyoosha mkono kwenye mwanga wa dirisha.

"Priscille, aya madoa ilitoka wapi?"

Florent alinishauri niseme ni miiba ya msituni. Papa hatajua.

Nakataa. Nakaa chini, namtazama machoni, namweleza yote tangu dukani. Umeme, rimoti, kidole changu. Anasikiliza, anasikitika, halafu ananishika kichwa na kusema, "Bon. Imekwisha. Nimekusamehe."

Ananisamehe kutoka moyoni, kila mara.

Halafu anasahau. Jana ameniuliza tena.