Barua Iliyobaki Ndani ya Jarida la Mamluki

Nina miaka ishirini na minne, naishi peke yangu mtaa wa Satellite, Nairobi, na ukurasa huu nimeuandika mara sita nikiogopa makosa. Huu wa sasa siuandiki tena.

Niliacha shule kidato cha pili. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na majarida ya vita... mamluki, vifaru, wanaume wanaolipwa kupigana nchi za mbali. Tuliyapata mtaa wa Ngara, kwa mzee aliyeyatandaza kando ya barabara. Ukimletea mawili uliyosoma, unachukua moja.

Nasema tuliyapata kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa na Wafula, fundi rangi, jirani yangu. Sikuwa na rafiki mwingine. Yeye alitazama picha, mimi nikamtafsiria.

Kisha ofisi moja mjini ikatangaza nafasi za walinzi wa kwenda Iraki. Wafula akaniambia, "Wewe ndio uko na Kiingereza. Niandikie barua ya kuomba kazi, na upeleke kabla Ijumaa iishe. Mimi niko mjengo, napaka rangi mpaka jioni."

Niliandika. Mstari ukapinda, nikaandika upya. Wino ukavuja, nikaandika upya... Alhamisi barua ilikuwa safi. Ijumaa nilipita mbele ya ofisi ile mara mbili, halafu nikaichomeka ndani ya jarida, nikijiambia kuna herufi haijakaa vizuri.

Ilikuwa herufi kweli? Hapana. Nilikuwa nikiziona Jumamosi zangu bila yeye.

Nikamwambia nimepeleka. Wiki nyingi alingoja simu. Kila Jumapili alipiga buti zake rangi, akaziweka mlangoni tayari kwa safari.

Mimi, mtu wa kukagua kila ukurasa, siku moja nilikuwa na homa, nikabadilisha majarida mawili bila kuyapekua. Jumamosi iliyofuata, kwa yule mzee wa Ngara, Wafula akaliona moja lenye picha ya helikopta aliyoipenda. Akalifungua. Barua ikaanguka miguuni pake.

"Kijana, mchumba amekuandikia?" mzee akamtania.

Wafula alisoma jina lake polepole, kisha akanitazama. "Kumbe barua yangu imekuwa hapa ikisoma vita na wewe?"

Ningeweza kusema nilimwepusha na risasi. Lakini risasi sikuzifikiria hata kidogo... nilijifikiria mimi.

Alihama mwezi huo huo, bila kuniaga. Majarida bado ninayo, hayana hata kunjo moja. Jumamosi nayafungua, natafsiri kimoyomoyo, na hakuna anayeuliza.

Msomaji mwenzangu, ukikabidhiwa barua ya mtu, ipeleke na makosa yake. Na kama unataka abaki, mwambie abaki. Wafula sikuwahi kumwambia.