Tiketi Mbili za Kampuni ya Mabomba

Mshonaji alikuwa anapiga pasi shati la mumewe. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake. Mumewe alikuwa mbunge mpya. Keshokutwa kamati yake ya maji ingesafiri nje ya nchi kuona mitambo na mabomba.

Mume aliingia akitabasamu.

"Fungasha na nguo zako, mke wangu. Wewe na mtoto mnakuja. Tiketi zenu hizi hapa."

Mshonaji aliduwaa. Dada yake aliishi katika mji huohuo ambao kamati ingeuzuru. Hawakuwa wameonana tangu harusi. Dada hakuwa amembeba mtoto huyu hata mara moja.

"Nani amelipa?"

"Yangu imelipwa na Bunge. Zenu zimelipwa na kampuni ya mabomba. Hatujagusa hata senti ya umma. Ondoa wasiwasi."

Lakini wasiwasi ndio kwanza ulimwingia. Kampuni hiyo ilitaka mkataba wa maji. Kamati ya mumewe ndiyo ingeupigia kura. Akaisahau pasi mkononi. Mara akasikia harufu ya kuungua.

"Yarabi, kola!"

"Hodi!" Jirani yao alikuwa mlangoni. Alifanya kazi katika ofisi ya maadili ya Bunge. "Fundi mzima unachoma shati la mheshimiwa?"

"Jirani, ingia. Eti kampuni ikitulipia safari, si neno?"

Jirani aliacha kucheka. Akavuta kiti.

"Ni neno kubwa. Safari ya kikazi huombewa kibali kwanza. Mbunge akirudi, anatoa taarifa: alikwenda wapi, alifanya nini, alitumia kiasi gani, nani alilipa. Kila mwananchi ana haki ya kuisoma. Familia ikienda, inajilipia. Na zawadi ya mtu anayesubiri kura yako, shemeji, hupokei."

"Ah, shemeji! Ni tiketi tu. Hata wenzangu wamepewa."

"Wenzako watajibu ya kwao. Wewe utawajibu nini waliokuchagua?"

Mume akamtazama mkewe. Mshonaji alitamani kusema, "Twende tu." Alimwona dada yake akilini, amenyoosha mikono.

"Zirudishe," alisema. "Dada nitampigia mwenyewe."

Mume alisafiri peke yake. Aliporudi, alikabidhi risiti. Mkutano mmoja ulikuwa umeahirishwa, basi posho ya siku hiyo akairejesha. Taarifa yake ilibandikwa nje ya ofisi ya jimbo. Fundi viatu mmoja aliisoma, akauliza kwa nini hoteli ilikuwa ghali hivyo. Mbunge alitoka nje, akamweleza.

Kisha siku ya kura ikafika. Mshonaji hakuweza kula. Mchana kutwa sindano ilimchoma vidole. Jioni mume aliingia, akavua koti taratibu.

"Mabomba yao yanapasuka. Niliyaona kwa macho yangu. Nimeukataa mkataba."

"Hawakukasirika?"

"Sana! Mkurugenzi wao alinifuata hadi kwenye ngazi. Akafungua mdomo, akaufunga."

"Kwa nini?"

"Hakuwa na cha kunikumbusha."